Shingo Yangu Ilivyonipeleka Ulaya

Tangu nirudi sijapata kunywa kikombe cha kahawa kikaisha kikiwa moto. Kila anayeingia anatazama shingo kwanza, kisha uso, kisha anajitafutia kiti na kusema, "Ehe, tuambie." Nimesimulia vipande vipande. Huyu nilimpa bahari, yule nilimpa hospitali, na sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa huko sokoni Makina vikawa hadithi ya mtu mwingine kabisa: kwamba Waingereza walinikata kichwa wakakirudisha, kwamba nilinyweshwa moto, kwamba gizani ninawaka. Juzi Nyambura, rafiki yangu wa Kawangware anayetuuzia maharagwe, alitua kikapu chake mlangoni akaniambia, "Habiba, wewe si ulijifunza kuandika na hao watoto wa wazungu? Basi andika. Tusomewe mara moja, tuwache kukusumbua." Nimeandika. Habari za tikiti na karatasi nimeziacha nje kwa sababu hata mimi mwenyewe sikuzielewa.

Kwa asiyenijua, mimi ni yaya. Tangu mume wangu afariki nimelea watoto wa kizungu, wa mwisho akiwa Jeni, msichana ambaye hakubali kulala mpaka ashike sikio langu. Mwaka jana shingo yangu ilivimba upande mmoja. Hapa Kambi Muru, mtaa wetu wa Kibra, wakasema ni rovu, litatulia lenyewe. Halikutulia. Daktari mpasuaji wa Nairobi akalitoa, kisha akaniketisha na kuniambia kuwa lile halikuwa rovu, ilikuwa saratani ya tezi. Akasema mbegu zake nyingine huenda zimebaki, ndogo mno kufikiwa na kisu, na dawa ya kuzimaliza haiko hapa, iko Ulaya. Ikawa bahati kwamba Bwana na Memsabu walikuwa wanakwenda likizo kwao na walitaka yaya wa njiani. Ndivyo nilivyopanda meli, nusu yaya, nusu mgonjwa.

Jambo moja lazima mlijue kabla sijaanza, kwa maana ndilo lililonifanya nisitulie njia nzima. Binti yangu ni mmoja tu, Zamzam, na wakati ule mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana. Kwetu Wanubi mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini, na siku ya kutoka mama wa mzazi ndiye humbeba mtoto kumvusha kizingiti na kumshusha mtoni aoshwe uso kwa maji yanayokwenda. Mama yangu alikufa kabla sijazaa. Zamzam alitolewa nje na jirani, mwanamke mwema ambaye hata hakuwa na haja ya kukumbuka jina la mtoto. Nilikuwa nimejiapia kwamba mtoto wa Zamzam hatabebwa na jirani.

KAMBI MURU HADI STESHENI

Siku ya kuondoka nyumba ilijaa. Shemeji walikaanga mikate ya gurusa ikafika juu ya kifuniko cha ukili, kana kwamba Ulaya hakuna unga. Nyambura alileta njugu mbichi za kutafuna kwenye gari moshi. Kisha akaja Mzee Rihani, baba mdogo wa marehemu mume wangu, na chupa ndani ya koti.

Mzee Rihani alikuwa dresa wa jeshi. Alifunga vidonda vya askari Uhabeshi, akafunga vingine Burma, na tangu arudi hakuna goti la mtoto wala kisigino cha mzee hapa Kibra ambacho hakijapakwa ayodini kwa mkono wake. Vidole vyake vimegeuka rangi ya chai. Akanikabidhi chupa mbele ya watu wote kama anayenipa cheo.

"Hii dawa hapana mchezo," akasema. "Mimi napaka askari Burma, mguu iko karibu kukatwa, napona. Wewe paka hapa kwa kovu, asubuhi na jioni. Mzungu akiona kidonda safi, yeye nakutibu na heshima."

Nani angemkatalia? Chupa ikaingia katikati ya nguo.

Zamzam alinisindikiza hadi barazani. Hakulia. Aliuliza tu, "Mama, utarudi lini?"

"Kabla hujajifungua."

Nililisema upesi, bila kuhesabu, ili uso wake ufunguke. Ulifunguka, nami nikaondoka na neno lile kifuani.

Gari moshi lilisimama porini usiku ule mpaka asubuhi, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Mwanamume mmoja alisema tembo wamelala juu ya reli, mwingine akasema dereva ndiye amelala. Jeni alishika sikio langu akasinzia, nami nikakaa macho, nikihesabu miezi kwa vidole na kuanza tena.

MOMBASA HADI SUEZI

Daktari wa Nairobi alikuwa ameniambia mambo mawili kuhusu safari. La kwanza, nisiguse chochote cha baharini: si samaki, si kamba, si chumvi ya ufukweni. Dawa niliyokuwa naifuata ilitaka mwili wenye njaa ya kitu fulani kilichomo katika vyakula hivyo. La pili, kwa kuwa tezi imetolewa na vidonge vya kuziba nafasi yake sijapewa bado, nitachoka na kuona baridi, na nisishangae.

Basi mpishi wa meli, Mgoa mwenye kofia nyeupe ya upishi, alinichukia tangu siku ya kwanza. Aliniletea samaki wa kukaanga, nikamrudishia. Akaleta samaki wa mchuzi, nikamrudishia. Siku ya tatu alisimama akiniangalia ninavyokula wali na viazi, akauliza kama kwetu tuna mfalme anayetupikia. Nilijaribu kumweleza habari za shingo. Alitikisa kichwa, akaenda zake, na tangu hapo viazi vyangu vilikuja bila chumvi kabisa. Sikujua kama ni huruma au kisasi.

Nilitii samaki, nikatii chumvi. Na kila asubuhi na kila jioni nilifungua chupa ya Mzee Rihani, nikapaka kovu kwa pamba mpaka likawa rangi ya ngozi ya kiatu. Sikukosa hata mara moja. Nilikuwa nasikia sauti yake: asubuhi na jioni.

Baridi ilinikuta mahali ambapo haina ruhusa ya kuwepo. Tulipoingia Bahari ya Shamu wazungu walilala juu ya sitaha wakihema, watoto wamevuliwa nguo zote, na mimi nimevaa sweta mbili za Bwana. Uso ulinivimba. Nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti ikashuka ikawa ya mwanamume, na Jeni akacheka sana nilipomwimbia, akataka niimbe tena. Nilikuwa nikianza sentensi nasahau mwisho wake. Lakini moyo haukupungua mwendo, huo ulikuwa unakimbia peke yake. Mwili ulitaka kulala, moyo ulitaka meli iongeze kasi, nikawa kati yao kama mtu anayevutwa mikono miwili.

ULAYA, KUNGOJA

Msiniulize Landani ikoje. Niliona ukungu, mabasi mekundu na hospitali.

Madaktari walikuwa na mkalimani, mama mzee wa kimishenari aliyekaa Unguja miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu na ngeli zote mahali pake, hata niliona aibu kufungua mdomo. Aliniambia watanipa kwanza tone dogo la dawa, kuona kama shingo itaivuta. Dawa yenyewe ina miale isiyoonekana. Masalio ya tezi huivuta na kuimeza, kisha miale inayaunguza yakiwa mle mle, pamoja na zile mbegu, bila kisu.

Kesho yake waliniweka mbele ya mashine yenye mdomo kama wa bomba, wakauelekeza shingoni. Ilikuwa inalia tik, ikanyamaza, tik. Daktari alikunja uso. Wakapima tena. Tik. Kimya.

"Anauliza," mkalimani akasema, "je, umekula samaki?"

"Sikula, bibi."

"Je, umekunywa dawa yoyote ya kifua njiani?"

"Sikunywa."

"Je, kitu chochote kutoka baharini kimeingia kinywani mwako?"

"Hakijaingia, wallahi."

Nilisema kweli yote. Aliuliza kinywa, nikajibu kinywa. Daktari aliandika, akaondoka, na mimi nikarudi chumbani nikapaka kovu langu vizuri zaidi, nikidhani labda halijang'aa vya kutosha mbele ya wakubwa.

Aliyegundua ni nesi mmoja mweusi kutoka visiwa vya mbali, Sista Gresi. Alikuwa akibadilisha mito. Akashika wangu, akautazama, akaupeleka puani. Ulikuwa na doa la kahawia upande wa shingo. Akanifungua mtandio taratibu, akaona. Akaniomba kwa ishara nimwonyeshe. Nikatoa chupa, nami najivuna kidogo.

Sijawahi kuona daktari anayetaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Walikuja watatu kuitazama ile chupa. Mkalimani alivuta kiti karibu, akanieleza polepole. Dawa niliyoifuata baharini kote ni ayodini. Ayodini yenye miale, lakini ayodini. Na mimi kila siku mara mbili nilikuwa nikiipitisha nyingine kwenye ngozi, mpaka mwili umeshiba, hautaki tena. Ni kama kumwalika mtu karamu baada ya kumlisha njiani.

"Sasa itakuwaje?" nikauliza.

"Itabidi tungoje mwili uimalize."

"Mpaka lini?"

Alipoitaja ile miezi nilimwona Zamzam barazani. Nilihesabu kwa vidole palepale, mbele yao, na kila nilipohesabu mtoto alizaliwa kabla sijarudi. Nilimkasirikia Mzee Rihani hasira ambayo nikiikumbuka sasa naona haya. Nilimkasirikia na marehemu mume wangu, kwa sababu ni baba yake mdogo. Walichukua chupa. Walitaka kuitupa, kisha daktari akaiweka kwenye dirisha la ofisi yake, nadhani ili awasimulie wenzake.

Miezi ile sina la kuwaeleza ila kwamba nilitembea. Niliwekwa kwenye nyumba ya wanawake karibu na hospitali, nikala viazi, nikatembea mtaa ule ule kwenda na kurudi nikiwa nimejifunika kama mgonjwa wa homa. Nilikuwa naona baridi mpaka kwenye meno. Mwenye nyumba alidhani nimepotea, akanirudisha mara nyingi kwa kunishika kiwiko. Nilishindwa kumweleza kwamba sijapotea, ni kwamba siwezi kukaa.

CHUMBA

Mnaotaka kujua kuhusu ule moto, hapa ndipo.

Siku ilipofika mashine ililia kwa fujo, tiktiktik, na daktari akapiga makofi. Nilipelekwa chumba cha peke yangu mwisho wa korido. Kitanda, sinki, choo, dirisha. Dawa ililetwa ndani ya chombo kizito cha madini ya risasi, na ndani yake kikombe kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu cha kuchoma. Nilinyonya kwa mrija wa kioo. Ilikuwa maji, wanangu. Maji yasiyo na ladha, kidogo kuliko kahawa ya mgeni asiyetakiwa. Nilitazama mle kikombeni nikiwaza kwamba nimevuka bahari tatu kwa ajili ya funda moja la maji.

Kisha wote wakatoka.

Hiyo ndiyo sehemu ngumu, si dawa. Sista Gresi, aliyekuwa akinisuka nywele zilizobaki, sasa alisimama mlangoni. Chakula alikiweka juu ya kigari na kukisukuma kwa mguu. Niliambiwa ninywe maji mengi, mengi mpaka tumbo lilie, ili ile ayodini isiyotumika itoke. Niliambiwa nikienda choo nimwage maji mara mbili. Mate, jasho, kila kinachotoka mwilini mwangu kilikuwa na miale. Nilipotawadha kwa ajili ya swala niliona aibu na yale maji yanayodondoka. Nilimuuliza Sista Gresi jua linachomoza wapi, akadhani nataka dirisha lenye jua, akapigana na kitasa kwa muda mrefu. Mwishowe nilimwonyesha jinsi ninavyosujudu. Akafikiri, akaelekeza kwa mkono pale mlangoni, akiwa amekosea kidogo tu.

Siku ya pili nilivuta pazia, nikajifunika blanketi gubigubi na kufumbua macho mle ndani nione kama ninawaka. Siwaki. Wa Makina wasikie.

Ila mashavu yaliuma chini ya masikio, nikavimba kama mtu aliyetiwa njugu pande zote. Mdomo ukakauka, chakula kikawa na ladha ya sarafu. Sista Gresi aliniletea vipande vya limau vya kunyonya ili mate yatoke, akanirushia kimoja kimoja kutoka mlangoni nikivipokea, na hicho ndicho kicheko chetu pekee. Kichefuchefu kilikuja kikaondoka. Kila siku mtu alisimama mbali na mashine yake, akasikiliza jinsi ninavyolia tik tik, akaandika, akaenda.

Na Memsabu alikuja. Alisimama nje ya kioo cha mlango akiwa amemshika Jeni mkono, akaongea kwa sauti kubwa.

"Habiba, wewe hapana shika mtoto sasa. Daktari nasema. Mimi napata yaya ingine."

Sikumlaumu, ilikuwa kweli. Jeni aliinua mkono akatafuta sikio langu kwenye kioo. Nilirudi nyuma hatua moja, nikaficha mikono yangu nyuma ya mgongo. Ndipo nilipokielewa kitu ambacho nilikuwa nimeambiwa tangu mwanzo na nikakisikia juu juu: kwa muda sitashika mtoto mchanga wala kukaa karibu na mwenye mimba.

Waliponifungulia, mtandio wangu na tasbihi vilibaki, wakasema vina miale, vitakaa kabatini mpaka vipoe. Nililia kwa ajili ya tasbihi kuliko nilivyolia kwa ajili ya saratani. Nikapewa vidonge vya kumeza kila siku maisha yangu yote, kwa kuwa tezi haipo tena. Vya kwanza nilivikataa, nilisikia vimetengenezwa kwa tezi za wanyama na hakuna aliyeniambia ni mnyama gani. Mkalimani alikwenda kuuliza, akarudi na vingine vilivyotengenezwa na watu maabara. Baada ya wiki chache vidole vyangu vikaanza kupata joto, na sauti ikapanda ikawa ya mwanamke tena. Daktari aliniambia shingo imeimeza dawa vizuri, na mahali pengine mwilini mashine haikusikia kitu. Nitapimwa tena Nairobi, lakini ameridhika.

"Na mtoto?" nikauliza. "Nitashika mtoto lini?"

Mkalimani alimsikiliza daktari, akanigeukia. "Anasema, utakapofika Mombasa utakuwa umekwisha kuwa mtu kama watu."

Niliomba alirudie. Alilirudia.

PORT SUDAN

Meli ya kurudi nilipanda peke yangu, na nikakaa peke yangu. Nilikuwa na sahani yangu, kikombe changu, kona yangu ya sitaha. Nilijivika ule wasiwasi kama gauni. Mtoto akikimbia upande wangu nilihama. Watu wakaniona mwenye kiburi.

Port Sudan tulikwama. Pamba ya kupakia haikuwa imefika, kisha ikafika ikiwa imelowa, kisha makuli wakagoma. Nahodha alisema kesho, na kesho akasema kesho. Nilitembea gatini nikiuma kucha. Nilikuwa sijui kama Zamzam amejifungua salama au la, barua yangu ya mwisho haikujibiwa. Babu yangu alitoka nchi hii akiwa askari, na maisha yangu yote nilidhani siku nikiikanyaga nitahisi kitu. Nilihisi nimechelewa tu.

Kwenye lango la gati kulikuwa na mama mmoja muuza chai. Nilimwamkia kwa Kinubi. Alifungua macho, akacheka, akajibu kwa Kiarabu chake, tukaelewana nusu. Kisha akafanya jambo ambalo hata bibi zetu hapa Kibra hufanya: akanishika mkono wa salamu na asiuachie, akiutikisa na kuuliza habari za nyumba, za watoto, za mvua. Nikauvuta.

Uso wake ulifungwa. Alinitazama kuanzia miguuni.

Nilitafuta maneno. Nikamwonyesha kovu, nikasema dawa, nikasema moto, nikasema binti yangu, tumbo, mtoto mchanga, nikaonyesha mikono yangu na kutikisa kichwa. Sijui alichoelewa. Alikoroga chai. Halafu akauliza jambo moja, na hilo nililielewa lote: arobaini ya mtoto, nani atampeleka mtoni?

"Mimi," nikasema.

Akafungua kisanduku chake, akatoa ubani uliofungwa kwenye kitambaa. Alinyoosha mkono kunipa, akakumbuka, akauweka chini kati yetu na kurudi nyuma. Nikainama nikauokota. Chai hakukubali niilipie.

MOMBASA HADI KAMBI MURU

Mombasa ilifika, na nikashuka nikiwa mtu kama watu. Hivyo ndivyo alivyosema daktari. Nilisimama gatini nikangoja kuhisi tofauti, sikuhisi. Akili iliamini, mikono haikuamini. Kwenye gari moshi mama mmoja alitaka nimshikie kichanga akafungue chakula chake, nikajifanya nimelala.

Nyambura alinipokea stesheni ya Nairobi, amevaa nguo za kanisani. Hakunipa salamu.

"Amejifungua," akasema. "Msichana. Wote wazima."

Nikakaa juu ya sanduku. "Lini?"

"Zamani. Arobaini imepita. Lakini huyo binti yako ni kichwa ngumu, utaona mwenyewe."

Hakunieleza zaidi. Njia nzima kutoka stesheni nilimuuliza, naye akaniambia habari za bei ya maharagwe.

Barazani watu walikuwa wamejaa, sinia tayari katikati. Kila aliyeninyooshea mkono nilimjibu kwa mkono kifuani, na nikasikia minong'ono ikianza. Mzee Rihani alipita katikati yao, akaangalia kovu langu kwa jicho la kazi.

"Iko safi," akasema. "Sasa sema, wazungu nakupa dawa gani?"

Nilikuwa nimebeba hotuba ya kumpa mzee huyu tangu Landani. Nilikuwa nimeipanga neno kwa neno. Nikamtazama vidole vyake.

"Ayodini," nikasema.

Akageukia watu wote, mikono kiunoni. "Mnasikia? Meli yote hiyo, kumbe ni ayodini." Na mpaka leo anatembea Kibra nzima akisema Ulaya wamethibitisha dawa yake, na mimi nimeshindwa kumsahihisha.

Ndipo Zamzam akaja mlangoni kutoka ndani. Amenenepa, amepauka kidogo kwa kukosa jua, mtoto kifuani. Akasimama upande wa ndani wa kizingiti, vidole vya miguu vikiwa vimegusa mbao, na hakuvuka.

Shemeji yangu akaninong'oneza. Siku ya arobaini ilipofika walikuja kumtoa. Akakataa. Akasema ana mama, na mama yake yuko njiani. Wakamgombeza, wakamletea shekhe, wakamwambia mtoto atakuwa mweupe kama mzungu. Hakutoka. Siku ziliongezeka juu ya siku na yeye yumo mle, hajaona hata mahindi ya shamba letu yalivyokomaa.

Nilikijua chumba ni nini. Nilijua dirisha moja ni nini, na watu wanaosimama mlangoni. Mimi nilifungiwa na madaktari. Yeye alijifungia mwenyewe, kwa ajili yangu.

"Mama," akasema, "mchukue."

Nikarudisha mikono nyuma ya mgongo, kama pale kwenye kioo. "Zamzam, ile dawa... mpe shangazi yako. Mimi nitatembea kando."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nikifika Mombasa nitakuwa nimepona miale."

"Na hii ni wapi?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nimekaa humu ndani nikikungoja," akasema, na sauti yake haikupanda. "Kama humbebi, narudi ndani. Na nitakaa."

Nikatoa ule ubani kifukoni nikampa Nyambura autie kwenye makaa, kwa sababu nilihitaji muda kidogo na hilo ndilo lililokuwa karibu. Moshi ukapanda. Kisha nikanyoosha mikono juu ya kizingiti. Zamzam akaniwekea mtoto, akaondoa mikono yake upesi ili nisipate pa kumrudisha.

Alikuwa na joto na uzito wa mkate mpya. Akafumbua macho, akanitazama bila haraka, akakamata mtandio wangu palepale juu ya kovu na kushikilia.

Tukashuka kwenda mtoni, Zamzam akipepesa macho kwa jua, watu nyuma yetu, Mzee Rihani bado akihubiri ayodini. Nilikanyaga kwa uangalifu kila jiwe. Pale majini Nyambura akaniuliza kwa nini sijifuti uso, machozi yananidondokea mpaka kwa mtoto. Nikamwambia siwezi, mikono yote miwili ina kazi.